Muhsina Apimwa Masikio

Muhsina alikuwa na miezi minne nilipoona kwamba humgeukia nyanya yake kabla nyanya hajafungua kinywa.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanafatuma, hakosi kikuba kifuani. Huchuma asmini na mrehani, akavifunga kwa uzi, akavibandika kwenye kanga. Akija, harufu humtangulia mlangoni. Muhsina hugeuza kichwa, akacheka, ndipo Mama anapoita, "Muhsina wa nyanyake!" Kisha hunitazama mimi. "Umeona? Eti hasikii!"

Sikuwa nimesema hasikii. Nilikuwa nimeuliza tu mbona adhana ya alfajiri haimwamshi, na msikiti uko nyuma ya jiko letu. Tangu hapo nikawa mzaha wa nyumba. Mume wangu Tofiki, ambaye hufanya kazi hotelini Galu, aliniambia nisimtafutie mtoto ugonjwa. Mama akaongeza, "Shule uliiachia darasa la sita, leo umekuwa daktari wa masikio?"

Mimi si mtu wa maneno. Nilianza kujaribu peke yangu. Nilipiga sufuria nyuma ya mtoto: wapi! Nikapita nyuma yake polepole nikiwa na kikuba cha Mama mkononi, sikusema neno: akageuka.

Tulipokwenda zahanati kwa chanjo, Mama alifuatana nasi. Nilimwambia muuguzi, Sista Kadzo, kwa sauti ndogo, kwamba nina wasiwasi na masikio ya mtoto. Akachukua kichezeo chenye mbegu ndani, akasimama nyuma yangu akakitikisa. Kabla sijaona lolote Mama alishajisogeza ubavuni.

"Muhsina! Muhsina wa nyanyake!"

Mtoto akageuka, akacheka.

"Anasikia vizuri," alisema Sista Kadzo, akaita mwingine.

Nilitaka kusema ni harufu. Lakini mwingine alikuwa ameshaketi mahali petu. Na mwezi uliofuata ikawa vile vile, ila safari hii Mama alikichukua kile kichezeo akakitikisa yeye mwenyewe, kama kwamba yeye ndiye muuguzi. Nilirudi nyumbani nimeuma meno mpaka taya likaniuma.

Kisha zahanati ikaletewa mashine. Sista Kadzo alitueleza: kipira kidogo hutiwa sikioni, kinatoa sauti ndogo, na sikio linalosikia huijibu, mashine ikanasa jibu hilo. Mtoto alale, na chumba kiwe kimya. Chumba kimya pale ni kimoja tu, stoo ya vyandarua. Nilimnyonyesha Muhsina mpaka akalala, nikamlaza juu ya robota la vyandarua. Nilipogeuka nikamwona Mama ameshaketi juu ya ndoo.

Mashine ikawashwa. Bangili za Mama zikalia. Sista akaanza upya. Mama akakohoa. Sista akaanza upya tena. Mama akashindwa kuvumilia, akainama akampapasa mtoto shavu. "Amka, mwonyeshe sista kwamba unasikia!"

Muhsina akaamka akalia.

"Bi," alisema Sista, "mashine yakusikia wewe, haimsikii mtoto." Akachomoa kipira. "Basi, mrudisheni mwezi ujao."

Mwezi ujao! Alikuwa ametuambia mwenyewe, dakika chache tu zilizopita, kwamba mtoto asiyesikia akijulikana mapema husaidiwa kupata lugha, na akicheleweshwa hupitwa na wenzake. Nami kila mwezi naambiwa mwezi ujao, kwa sababu watu wazima hawawezi kutulia.

"Mama," nikasema, "nakuomba utoke."

"Waniambia mimi?"

"Wewe, Mama. Na kikuba chako." Nikamgeukia Sista Kadzo. "Hageukii sauti. Anageukia harufu. Nimemjaribu nyumbani."

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Hukuniuliza. Ulimuuliza Mama."

Sista akaenda kumfungulia Mama mlango. Mama akatoka akiubamiza mlango, ukuta mzima ukalia. Sote wawili tulimtazama mtoto, aliyekuwa amerudi kunyonya na kusinzia. Hata kope hazikucheza.

Safari hii stoo ilikuwa kimya kweli. Sikio la kulia halikujibu. La kushoto halikujibu. Sista akarudia yote mawili, akapata yale yale.

"Hii si hukumu," aliniambia. "Hospitali kubwa wana kipimo kingine cha kuhakikisha. Nenda wiki hii, usingoje." Akaniandikia barua ya rufaa. "Na kuanzia leo jamaa watangoja nje. Sipimi tena mtoto mbele ya mtu anayempenda."

Nje, Mama alikuwa benchini na jirani yetu, Kahaso, aliyeleta mwanawe. Nilimnong'oneza Mama majibu. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Mashine yenyewe imeletwa jana tu," alisema chini kwa chini. "Tutasema ana mafua. Watu wasijue."

Muhsina alikuwa ameshaamka, ametazama upande wa pili; Kahaso akaanza kumwita, akimpigia midomo. "Mtoto wee! Ala! Mbona ananinunia? Mwamfundisha maringo?"

"Ana usingizi," Mama akamjibu haraka.

Benchi zima lilikuwa linatutazama. Uso ulinichoma, kama unavyonichoma kila mara watu wakinitazama, nikatamani kujifunika mtandio nipite. Lakini nilikuwa nimechoka, tena nimechoka sana.

"Hana usingizi, Kahaso," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Mtoto wangu hasikii."