Meza Yangu na Kifaru cha Bohuš

Meza yangu ya chakula ni ya mti wa mwaloni, nimeirithi kwa mama, na wanakaa watu wanane bila kugongana viwiko. Hivyo ndivyo ilivyotengenezwa. Ukweli ni kwamba tangu majani yalipoanza kupukutika alikuwa anaikalia mtu mmoja tu, mume wangu Bohuš, yeye na kifaru chake.

Kifaru chenyewe ni cha vita, T-34, kilichopunguzwa mara thelathini na tano mpaka kikawa na urefu wa kiatu cha mtoto. Mtu mwenye akili zake hununua boksi, akabandika vipande vya plastiki, akapaka rangi ya kijani, akaenda kulala. Bohuš alilifungua boksi, akavitazama vile vipande kwa huruma, kisha akaanza kuagiza vipuri vya ziada. Mzinga wa plastiki ukatupwa, ukaja wa chuma. Minyororo ya plastiki ikatupwa, ikaja ya chuma pia, pingili moja moja, kila pingili na pini yake nyembamba kama unywele. Vikaja vibati vya shaba vya kukunja kwa kibano, ikaja injini nzima pamoja na nyaya zake, vikaja viti, makombora na redio. Vifurushi vyote viliandikwa jina langu, eti ili nisigombe nikivipokea. Nilikuwa nagomba palepale mlangoni, na tarishi ananisikiliza.

Kufagia kulipigwa marufuku. Siku moja kibati kidogo kuliko punje ya ufuta kilimponyoka, na mimi nilikuwa napita na kikapu cha nguo.

"Mama, usisogee," akasema. "Simama hapohapo. Nyanyua mguu wa kulia, polepole."

Nikanyanyua.

"Sasa wa kushoto."

"Nikinyanyua na wa kushoto nitasimamia nini, baba?"

Alishalala kifudifudi na tochi, shavu liko kwenye zulia. Nilikaa na mguu juu mpaka nyonga ikaniuma. Kibati kilikuja kuonekana kwenye sharubu zake mwenyewe, wakati wa chakula cha mchana.

Mkesha wa Krismasi tulikula kwenye ubao wa kupigia pasi. Ubao wa pasi umeinama upande mmoja, wenye kupiga pasi mnajua, na saladi yangu ya viazi ilianza safari taratibu, ikafika ukingoni, ikaingia kwenye kiatu cha binti yetu Zdenka. Nikanyamaza. Lakini mwezi wa pili Zdenka akachumbiwa, na wazazi wa mchumba wakasema watakuja kutoka Brno kututembelea, watakula kwetu chakula cha Jumapili. Hapo sikunyamaza tena. Wakwe watakuja mara ya kwanza, halafu niwawekee mchuzi juu ya ubao wa pasi?

"Nipe mpaka mashindano," Bohuš akaniomba. Mashindano ya chama chao cha wajenzi wa vifaru vya boksi yalikuwa Jumamosi, siku moja kabla ya wakwe. "Miaka yote naambulia cheti cha kushiriki. Nikipata nafasi ya kwanza safari hii, meza unaichukua siku hiyohiyo, mimi na gundi yangu tunahamia stoo, kule kwenye viazi."

"Na usipopata?"

"Nisipopata, itabidi niendelee kutafuta hapa penye mwanga."

Basi ndivyo nilivyoanza kuvipenda vifaru. Nilimshikia tochi, nikamchemshia chai, nikamwambia kimependeza kila alipokunja kibati. Na nisiseme uongo, ndani ya kile kifaru palikuwa pazuri. Kulikuwa na kiti cha dereva chenye ngozi iliyochanika pembeni, na juu ya kiti glavu moja, na kando ya glavu kipande cha mkate na soseji juu ya karatasi. Mkate mdogo kuliko kichwa cha pini, na umepakwa siagi. Nilimuuliza siagi kaipataje. Akasema ni rangi, lakini kwa jinsi alivyosema niliona angetaka iwe siagi.

Asubuhi moja naamka, nakuta kifaru kimefunikwa juu, mnara wa mzinga umekaa, paa limekaa, na gundi imeshakauka.

"Baba, umefunga?"

"Nimefunga."

"Na ile injini?"

"Iko ndani. Unadhani wale jamaa walikwenda vitani bila paa?"

"Sasa majaji wataionaje?"

Akanitazama kwa upole, kama vile mimi ndiye mwenye matatizo. "Mimi najua imo, mama. Inatosha."

Nimekuja kujua baadaye kwamba ni ugonjwa wao wote. Wanachama wa kile chama chao, karibu kila mmoja ana kifaru nyumbani ambacho ndani kina mambo yasiyoonekana na mtu mpaka kiama. Ndiyo maana kanuni zao zinataka mtu aweke picha za ujenzi kando ya kazi yake. Bohuš alikataa kupiga picha. Alisema picha ni za watu wasioaminika.

Na hakuishia hapo. Ile minyororo ya chuma aliyoiunga majira yote ya baridi, na vile vibati vya shaba, na ule mzinga, vyote akavipaka matope. Si matope kidogo. Alisema mwezi wa nne wa mwaka ule vita vilipoisha mvua ilinyesha sana na hakuna kifaru kilichofika huku kwetu Moravia kikiwa kisafi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, ila hawakumkuta mtu anayekizika kizuri chake hai halafu anakipeleka sokoni.

Mashindano yalikuwa kwenye ukumbi wa mazoezi ya viungo, chini ya kamba za kupandia. Mimi nilikwenda na strudeli, ile keki ya kukunja yenye matofaa ndani, maana wake wote hupeleka kitu. Mtu wa kupanga meza alikuwa Vendelín, mpole, mnene, mwenye kupenda kumsaidia kila mtu. Jaji mkuu alikuwa Zavadil, daktari wa meno wa mji wetu, anayekagua matumbo ya vifaru kwa kile kioo chake kidogo cha kazini. Mzee huyo ameyaona meno ya ukumbi mzima, kwa hiyo hakuna anayethubutu kubishana naye.

Bohuš alikiweka kifaru kwenye meza ya wakubwa, ile ya kazi zilizoongezwa vipuri. Tukaenda kula gulashi, mchuzi mzito wa nyama. Tulipokuwa tunakula, Vendelín akapita, akakiona kifaru hakina picha, hakina vipuri vya kuonekana, kina matope tu. Akasikitika. Akafikiri Bohuš kapotea njia. Akakibeba kwa mikono miwili, akakipeleka kwenye meza ya wale wanaojenga kama kilivyotoka kwenye boksi. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba alishangaa uzito wake, akadhani kimetiwa mawe ili kisianguke.

Mchana Zavadil akashika kipaza sauti.

"Daraja la kama kilivyotoka kwenye boksi," akasema, "nafasi ya kwanza, bila ubishi, T-34 ya bwana Bohuš. Na naomba niseme neno. Siku hizi watu mmeharibikiwa. Mtu hawezi kujenga hata mkokoteni bila kuagiza vipuri. Mtazameni huyu. Kafungua boksi, kabandika vilivyomo, karidhika. Hakuongeza hata msumari. Vijana, igeni."

Wakampigia makofi. Mimi nilipiga zaidi ya wote. Nafasi ya kwanza ni nafasi ya kwanza, hatukuwekeana masharti ya daraja. Kichwani nilishatandika kitambaa cheupe, nilishapanga sahani za kumbukumbu ya harusi, mkwe wa kiume huku, mkwe wa kike kule.

Bohuš alikwenda mbele akavishwa medali. Masikio yalikuwa mekundu.

"Daktari," akasema, "kuna injini ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya kifaru. Na viti. Na redio. Minyororo ni ya chuma."

Zavadil akainama, akaingiza kioo chake chini, akatazama. "Naona matope."

"Iko chini ya matope."

"Na injini?"

"Imefungiwa. Nimeifunga mwenyewe."

"Picha?"

"Sikupiga. Mimi najua imo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mmoja akasema nyuma kwamba hata yeye ana milioni benki, ila kaifungia. Mwingine akamuuliza Bohuš kama dereva naye yumo au katoka kununua bia. Zavadil mwenyewe alifuta machozi. "Chukua medali yako, ndugu yangu," akamwambia, "usiwe mgumu kama jino la hekima."

Bohuš akarudi kwenye kiti, akakaa kando yangu. Alikuwa ameishika medali kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani aliyelowa.

Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Meza ilikuwa yangu. Kesho saa sita wakwe wangegonga mlango. Na mume wangu mimi namcheka, namcheka tangu tuoane, nimemcheka hadi mbele ya tarishi. Lakini nimemcheka kwa haki, kwa sababu nimesimama kwa mguu mmoja kwa ajili yake. Hawa walikuwa wanacheka bure. Nilipandwa na hasira.

Nikasimama na kisu cha strudeli mkononi.

"Injini imo," nikasema. "Nimeiona kwa macho yangu. Ina nyaya za rangi mbili. Na juu ya kiti cha dereva kuna mkate na soseji."

"Mama Zdenka," Zavadil akasema kwa adabu, "tunakuheshimu. Lakini mke hawezi kuwa shahidi wa mumewe."

"Sawa. Basi shahidi awe kisu."

Nikaenda mezani. Vicheko vikapungua. Nikamgeukia Bohuš. "Baba, nifungue?"

Alifumba macho. Alijua na mimi nilijua kwamba kikishapasuka hakitashinda kitu, si kwa wakubwa wala kwa wadogo.

"Anzia nyuma, juu ya injini," akasema. "Gundi hapo nimepaka nyembamba."

Nikaingiza ncha, nikasukuma. Kikalia kama yai linapogongwa. Vendelín akaziba uso kwa mikono. Paa likainuka, mnara ukafuata, nikaviweka pembeni juu ya kitambaa cha strudeli, nikapangusa kisu.

Zavadil akaja na tochi. Akainama, akamulika. Akatoa kile kioo cha meno, akakiingiza nyuma ya injini, akakigeuza taratibu huku akisema "mmh, mmh", vilevile anavyosema akikuta jino lenye tundu. Halafu akapiga magoti. Majaji wengine wawili wakaja wakapiga magoti kando yake.

"Mkate umepakwa siagi," akasema Zavadil.

"Ni rangi," akasema Bohuš kutoka kule alikokaa.

"Nimesema ni siagi."

Aliponyanyuka, goti likiwa jeupe kwa vumbi, alirudi kuwa jaji. Akamvua Bohuš medali kwa mikono yake, kwa sababu kifaru kile hakikuwa na chochote kilichotoka kwenye boksi ila labda jina. Akasema kwa daraja la wakubwa pia hakiwezi, maana kimevunjika paa na ufa unapita kidole. Akampa cheti cha kushiriki. Halafu akatoka mbele, akaenda kusimama mwisho wa foleni, kwa sababu watu walikuwa wameshapanga foleni ya kutazama ndani na yeye alitaka kuona tena. Kifaru kilichoshinda daraja la wakubwa kilibaki peke yake na medali yake. Strudeli yangu waliimaliza wakiwa kwenye foleni, wakiwa wamesimama, wakinong'ona kama wako kanisani.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa gari Bohuš alikaa kiti cha nyuma na kifaru mapajani, paa kwenye mfuko. Sijawahi kumwona mtu aliyeshindwa akiwa na furaha namna ile, na mimi furaha hiyo ilinikasirisha, maana kesho ilikuwa Jumapili. Lakini alipoingia ndani hata koti hakuvua. Alianza kuhamisha makopo ya rangi, vibano, gundi, taa, akishuka navyo stoo safari baada ya safari.

"Hukushinda," nikamwambia. "Makubaliano ni makubaliano."

"Chukua tu meza, mama. Wameshaona."

Kesho yake wakwe walifika. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe, sahani za harusi, mchuzi wa nyama na mikate ya kuchemsha, na hakuna aliyegongana kiwiko na mwenzake. Mkwe wa kiume, baba wa mchumba, ni mhasibu, mtu wa maneno machache. Tulizungumza habari za barabara ya Brno zikaisha. Tukazungumza habari za mvua, nazo zikaisha. Bohuš alikuwa mstaarabu kweli, mikono mapajani, hagusi mada yoyote ya chuma, na jinsi alivyokuwa mpweke kwenye meza ile niliyoipigania, roho iliniuma.

Nikainuka, nikashuka stoo. Nikapita kati ya viazi, nikakichukua kifaru, nikapanda nacho, nikakiweka katikati ya kitambaa changu cheupe, matope na yote, nikaliondoa paa.

Mkwe akaacha uma. Akavaa miwani. Akainama mpaka tai ikaingia kwenye mchuzi.

"Hii injini," akasema, "umeifanyaje?"

Bohuš akanitazama kwanza. Nikamwambia asogeze bakuli la mikate, mgeni haoni vizuri, nami nikaenda kuleta tochi.