Chura na Bibi Harusi

Mshonaji na wifi yake, nesi mstaafu, waliishi nyumba moja tangu marehemu alipowaacha. Kwa huyu alikuwa mume, kwa yule kaka. Nyuma ya jiko palikuwa na mitufaha miwili ya zamani, ya aina zisizoonekana tena sokoni, na kila mmoja alikuwa na wake.

Wa mshonaji waliuita Bibi Harusi. Matunda yake mekundu yalinukia mpaka chumbani, ila ukiligusa moja tu limechubuka, na likikaa wiki ndani ni unga mtupu. Wa nesi ulikuwa Chura: tufaha la kijani, lenye mabaka ya kahawia na ngozi ya kukwaruza kama msasa. Likitoka mtini lilikunja uso wa mtu. Lakini ukilifukia kwenye majani makavu miezi kadhaa, lilikuwa tamu, na hata ukilipika halivunjiki.

"Wifi, tunda gani la kusubiriwa kama mimba?" mshonaji alipenda kumchokoza.

"Bora langu. Lako sura ya kwendea harusini, ndani hamna kitu."

Mwishoni mwa majira ya baridi, kabla miti haijachipua, upepo uliung'oa Chura. Asubuhi nesi aliukuta umelalia uzio, mizizi juu. Hakulia. Aliingia ndani akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Mshonaji alimwonea huruma. "Tutapanda mbegu, wifi yangu."

"Mbegu ya tufaha haimfuati mama yake. Utapanda Chura, uote mti hata hujui ni nini."

Mshonaji akavaa kandambili, akaenda kwa mwenye kitalu, mtaa wa pili. Alirudi akihema.

"Anasema vijiti vya Chura bado vi hai. Tukivibebesha kwenye mtufaha mwingine, vikishika, vitazaa Chura yuleyule."

"Mtufaha upi?"

"Kwani tunao mingapi? Lete kisu."

Nesi alimtazama. "Umkate Bibi Harusi wako?"

"Tawi si roho. Fanya haraka kabla sijajuta."

Nesi akachonga vijiti kwa mikono iliyoshona majeraha wodini. Mshonaji akafunga kila kiungo kwa utepe, akakaza, wakapaka nta. Kila tawi lilipokatwa, mshonaji alifumba macho na kuubembeleza mti: "Pole, mwanangu."

Karibu vijiti vyote vilikauka. Kimoja tu kilitoa jani, na siku hiyo nesi alipiga vigelegele hadi mshonaji akatoka mbio na pini mdomoni.

Msimu wa tatu tawi lile likazaa matufaha mawili yenye mabaka, yakaning'inia katikati ya wekundu kama wageni waliokosea nyumba. Waliyafukia majanini, wakavumilia. Yalipokuwa tayari, nesi alikata la kwanza, akampa wifi yake kipande. Miaka yote mshonaji alikuwa akilionja tufaha la Chura likitoka mtini tu, kisha analitema. Sasa alitafuna polepole.

"Haya, sema."

"Na lile la pili?"

"Lile langu!"

"Wifi, mti ni wa nani?"

Wakacheka mpaka nesi akashika mbavu. Wakaligawana.

Mwenye kitalu alichukua kijiti cha tawi lile, akawabebeshea mche mpya wa Chura. Shimo walilichimba wenyewe, wakibishania kina chake, mpaka mvua ikawakimbiza ndani.