Tofali Lililo Juu ya Mto Wangu

Usiku wa jana niliota, na asiniambie mtu ni malaria, nimepima.

Niko getini kwa chuo, jua la utosi. Mbele yangu limepanga foleni bweni letu, Bweni la Kwanza, lile la matofali ya kuchoma linalobomolewa asubuhi. Limejifunga kanga kwenye paa. Geti linalikazia macho.

"Kitambulisho?"

"Sina, mwanangu. Nilikuwepo kabla yako."

"Kanuni ni kanuni. Asiye na kitambulisho si wa chuo. Avunjwe."

Mwaka mzima nililala mzungu wa nne kitandani kwa Tumpe, mwenzangu wa darasa, miguu yake usoni pangu, ndipo nikapata kitanda changu. Bweni likivunjwa narudi miguuni pa watu, tena nisiowajua. Afadhali ya Tumpe, hiyo naijua mpaka vidole.

Jengo la Utawala, ghorofa vioo vitupu, linasogea nyuma yetu taratibu. Mtu mwema hasogei hivyo.

"Wa kwanza hapa ni mimi," linasema. "Kabla yangu palikuwa pori."

"Mwongo!" Bweni linafoka. "Mimi wanafunzi walinijenga wenyewe, asubuhi masomo, jioni udongo. Na shahidi ninaye." Linanigeukia kwa madirisha yote.

"Bibi, wakati huo hata mama yangu alikuwa hajazaliwa!"

"Ndiyo maana nimekuchagua. Hawatakushuku."

Jibu hilo halikunituliza hata kidogo.

"Shahidi awe alikuwepo," linasema geti.

Basi nipo, enzi hizo hizo. Utawala hakuna, ni pori kweli na shimo la udongo. Vijana wamekunja suruali zao za bugaluu hadi magotini, wanaimba na kukanyaga tope. Msichana mwenye afro ananipa tofali bichi bila hata salamu, kana kwamba tumeamka pamoja.

"Bonyeza dole gumba. Kila mtu anabonyeza."

"Ili iweje?"

"Watakapokuja kusema hatukuwepo."

"Nani atasema?"

"Si utuambie wewe unayetoka huko!"

Nani kamwambia natoka huko? Namtazama usoni, simjui. Natazama miguu yake. Mh! Vidole hivi navijua. Hata hivyo nikabonyeza, kwa dole langu lenye kovu la kisu.

"Amka, we!" Tumpe ananitikisa. "Toa vitu, wamefika!"

Nje tingatinga linanguruma, ukuta unatetemeka. Chokaa imebanduka juu ya mto wangu, tofali liko wazi. Lina alama ya dole gumba, na kovu limeikata katikati. Nikaweka dole langu. Likakaa sawasawa, kovu kwenye kovu.

"Tumpe, njoo uone maajabu!"

Hakuja. Alikuwa ameinama anakwangua tope jekundu miguuni, hataki kunitazama.

"Nenda kawaambie," akasema. "Mimi nilishasema sana."

Nikatoka na kanga yangu ya kulalia, nikasimama mbele ya tingatinga.

"Dada, tupishe," dereva akasema.

"Zima mashine, kaka. Hili bweni nimelijenga mimi."