Kitufe cha Chini

Foleni mlangoni kwa mratibu wa mafunzo kazini ilikuwa haisogei, na saa sita ofisi ingefungwa. Maswali, kama wenzake darasani walivyomwita kwa kuuliza kwake kusikoisha, alipoingia zilibaki dakika kumi na tano. Asipopata alama ya mafunzo leo, angerudia mwaka mzima.

"Mistari mingapi ya programu?" mratibu alimuuliza hata kabla hajakaa.

"Sijaandika programu, mwalimu. Kazi niliyopewa na mlezi wangu ilikuwa..."

"Kwa hiyo sifuri."

Kwa miezi mitatu wanafunzi walikuwa wamekabidhiwa kwa walezi wa mradi wa programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha. Mlezi wake alimtuma zahanati, aone programu ya kuandikisha wagonjwa inawasumbua wapi wauguzi, kisha aandike mwongozo. Aliwakuta wakigombezwa kila siku, eti ni wavivu, hawahifadhi taarifa. Alikaa nao siku nne ndipo akaona: kwenye zile skrini zao ndogo za zamani, kitufe cha kuhifadhi kilikuwa chini kabisa, hakionekani. Akaandika ripoti. Mwenzake, waliyemwita Fundi, akabadilisha mstari mmoja tu, kitufe kikapanda juu.

Fundi alikuwa pale pale mezani, anasubiri fomu yake igongwe muhuri.

"Mwalimu," akasema, "mstari wangu huo, yeye ndiye aliyeniambia tatizo liko wapi."

"Kumbe ulisaidiwa? Nikupunguzie alama?"

Fundi akatikisa kichwa haraka, akainamia fomu yake. Maswali hakumlaumu sana, alimlaumu kidogo.

"Sikiliza, binti," mratibu akasema, sauti imelainika. "Fomu inauliza mistari tu. Mwenzako akugawie kumi kati ya mistari yake mingine, uweke jina lako. Wengi wamefanya hivyo."

Fundi alishafungua kompyuta yake. Maswali akamkumbuka mama yake, aliyekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwaka huu binti anamaliza.

"Si yangu hiyo, mwalimu. Andika sifuri."

"Shauri yako."

Mratibu akaandika kwenye kompyuta yake, akasogeza kipanya huku na huku. Akasonya. Akapiga meza.

"Takataka hii haihifadhi! Jana nimepoteza alama za watu kumi na mmoja!"

Skrini yake ilikuwa ndogo, ya zamani. Nje foleni ikaanza kunung'unika. Saa sita kasoro dakika nne.

Maswali angeweza kunyamaza, na hasira zilimtaka anyamaze. Lakini mlangoni walibaki wenzake watatu, na alama zao zingepotelea humo humo.

"Shusha ukurasa, mwalimu. Mpaka mwisho. Kitufe kiko chini."

Akashusha, akabofya. Jina la Maswali likatokea, na mbele yake neno jekundu: AMESHINDWA.

"Ahaa, kumbe rahisi hivi!" mratibu akasema, uso umemkunjuka. "Anayefuata!"