Mstari wa Mwenyeji

Mama yangu ana ugonjwa mmoja usio na dawa, si Newala wala Masasi: wageni. Mgeni akiingia, kuku anakimbizwa, kitanda changu kinatandikwa shuka jipya, na mimi naambiwa nikalale kwa shangazi. Mboga ikipungua, inapungua kwenye sahani yangu. Nikinuna, Mama alikuwa na jibu moja tangu nikiwa na meno ya utoto: "Wa nyumbani atavumilia." Nimekua nikilichukia neno hilo kuliko viboko.

Siku hizi mimi ni mwalimu Newala mjini, nina mshahara na chumba changu cha kupanga, na bado nikienda nyumbani Makote nakuta mtu amekalia kiti changu. Mwaka jana mtu huyo alikuwa Dokta Leonia.

Leonia si daktari wa watu. Ni mtafiti wa mbegu, mzaliwa wa Bukoba, anaishi Masasi, na alikuwa akitafuta njugu mawe zinazostahimili jua. Alinieleza vizuri, nami kwa kuwa nafundisha sayansi nilimwelewa. Mvua zetu siku hizi zinakatika wakati maua yanatoka, na joto linamalizia kazi. Sasa ndani ya kila mbegu kuna vinasaba, maagizo ambayo mmea umerithi kwa wazazi wake: lini ukunje majani, maji uyafuate hadi wapi chini, ukizidiwa uache nini na uokoe nini. Yeye alitaka ile yenye maagizo mazuri kuliko zote, aizalishe na zile zenye mavuno makubwa. Alikuwa na aina nne, kutoka Dodoma, Singida, Songea na Zambia. Ya tano alimwomba Mama.

Ya tano ilikuwa mbegu ya Bibi Isabela, mama yake Mama. Ni njugu ndogo, nyekundu iliyoiva, zina kijicho cheupe. Kwetu mbegu hupita kwa wanawake. Bibi alimfungia Mama kwenye pindo la kanga siku alipoolewa, naye alikuwa akizitunza kwenye kibuyu juu ya moshi wa jiko. Baada ya miaka mibaya mfululizo, kibuyu kilikuwa hakijai hata nusu, na Makote nzima hapakuwa na mtu mwingine mwenye mbegu hizo. Mama alizitoa zote.

"Mradi utaendelea na aina moja tu, Mama Yuster," Leonia alimwambia. "Zikishinda zenu, tutazizalisha ziwe nyingi, zipelekwe vijiji vyote. Na jina mtachagua wenyewe."

"Zitaitwa Isabela," Mama alisema papo hapo. Sijawahi kumwona akitaka kitu kwa ajili ya nafsi yake namna ile. Nilifurahi hadi nikamsamehe Dokta kiti changu.

Walipanda nyuma ya nyumba wakati wa kiangazi, makusudi, ili mvua isije ikaharibu majaribio. Mistari mitano, wa mwisho wa kwetu. Gari la mradi lilileta maji hadi maua yalipotoka, kisha likaacha.

"Kuanzia leo hakuna kumwagilia," Leonia alisema. "Mbuzi na kuku tu, Mama, ndio utufukuzie. Maji usijisumbue."

Mama akaitikia vizuri sana. Kila Jumamosi Leonia alipanda mlima kutoka Masasi, akakata vijani, akavitia kwenye vichupa vyenye barafu kwa ajili ya kusoma vinasaba, akapima udongo, akashuka. Mama alimpokea kwa chai na mihogo. Mistari ile minne alikuwa akiiita wageni. "Wageni wako wameamka salama, Dokta." Tulicheka sote, na mimi nikasema jamani, sasa hata njugu zinakuja kulala kwetu.

Oktoba nilikwenda nyumbani nikakuta kisima chetu cha maji ya paa kimebaki tope. Mama alikuwa anaoga kwa bakuli. Nikagombana naye, nikarudi mjini, nikawa namtumia madumu ya maji kwa bodaboda. Nilidhani anakunywa.

Siku ile ya ugomvi niliiona mistari. Ya wageni ilikuwa na ukijani wa kutosha. Wetu ulikuwa umekunja majani, kingo zimeungua, ila ulikuwa umesimama. Mama aliuinamia akasema polepole, "Vumilia, mwanangu." Nikahisi hasira ya zamani ikinipanda, hasira ya kuhamishwa kitandani, nikaona aibu kuonea wivu njugu.

Novemba walivuna, nami nilikuwepo. Leonia alipima mwenyewe. Za Singida zilishika nafasi ya kwanza. Zetu zilikuwa za nne, zimezishinda za Songea tu.

"Pole, Mama Yuster. Za kwenu zimejitahidi kweli, lakini zimepitwa." Akamkabidhi ungo. "Haya ndiyo mavuno yake, ni yako yote."

Mama alipokea kwa mikono miwili. "Haidhuru, mwanangu. Kushindwa na mgeni si aibu." Lakini namjua mama yangu. Alikuwa amevunjika moyo kabisa. Alikwenda jikoni, na kwa kuwa nyumba haikuwa na kitu cha kumpa mgeni anayeaga, alizichemsha zote kwa chumvi, na maganda yake. Mbegu iliyoshindwa angeiweka ya nini?

Tukakaa ukumbini watatu, sufuria katikati. Zilikuwa tamu, sitasema uongo. Leonia alimenya na kula kama mtu wa Makote hasa, huku akizisifu za Singida.

"Kinachonishangaza ni kitu kimoja," alisema. "Wiki zote zile na jua lile, bila tone la maji, na majani hayakutetereka."

Mama akacheka. "Bila tone? Dokta! Mimi niache wageni wafe na kiu kwangu?"

Leonia aliacha kumenya. "Ulizimwagilia, Mama?"

"Kata moja moja, kila Jumatatu nikishasali. Wametoka mbali kote huko."

Mchanga wa kwetu hunywa maji na kusahau. Jumamosi Leonia alipofika na vipimo vyake, ulikuwa mkavu kote sawasawa.

"Lakini nilikwambia maji usijisumbue."

"Na mgeni gani husema nisumbukie? Nilijua unaona haya kutuomba, shida yetu ya maji unaijua."

"Mistari yote mitano?"

"Wageni," Mama alisema. "Yale maji yangetosha nani? Niliwapa wageni."

"Na mstari wa Bibi Isabela?"

Nilijua jibu kabla halijatoka. Laiti ningeweza kumziba mdomo.

"Wa nyumbani ulivumilia," Mama alisema.

Leonia alitazama ganda mkononi mwake, kisha sufuria, kisha akauliza kama zimebaki mbichi. Hazikubaki. Alisema kosa ni lake, mtafiti hubakiza akiba, ila mbegu zilikuwa chache akapanda zote, na leo karudisha zote bila kufikiri. Mama alikuwa bado haelewi, ikabidi nimweleze mimi, kwa Chimakonde, taratibu. Kwamba mbegu ya mama yake haikupewa tone, ikazaa karibu sawa na zilizonyweshwa. Kwamba ndiyo iliyokuwa inatafutwa. Kwamba tumeila.

"Yale majani," Mama alisema mwishowe. "Dokta, si ulichukua majani yake?"

"Yapo kwenye friji, Mama. Vinasaba vyake vyote tutavisoma, tutajua ilivumilia kwa njia gani."

"Basi yapandeni."

"Hayaoti, Mama."

Gari lilipoondoka nililipuka. Nilisema yote, ya njugu na ya kitanda na ya mboga. Nilimuuliza nani alimwambia kwamba wa nyumbani hana kiu. Nilitegemea anifokee. Alikusanya maganda kutoka mkekani, akayatia kwenye ungo.

"Niliona mnaweza," alisema. "Wewe na zile njugu. Niliona mnaweza."

Naumia kwa ajili yangu na kwa ajili yake, na sijui naumia wapi zaidi.

Asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba na dumu nililomtumia mimi. Alikuwa anamwagilia mstari wa mwisho, ule mtupu, kata baada ya kata. Njugu mawe huzaa chini, alisema, pengine moja ilimponyoka mvunaji. Wageni wote walikuwa wameshaondoka, ndiyo maji yakapatikana. Nikamshikia dumu.

Desemba mvua ilinyesha, na mstari ule ukaota kijani mwanzo hadi mwisho. Yalikuwa magugu. Nilipoinama kuyang'oa, Mama alinizuia, akapiga magoti kwenye tope, akayatazama moja moja mpaka alipoyamaliza.