Kidole cha Kidege

"Hamjapaka kitu chochote?" daktari wa ngozi aliuliza huku akivaa glavu.

Mama alifungua kinywa ajibu. Ubavuni alihisi mfinyo mfupi, mkali, wa mama mkwe wake. Maana yake haikuhitaji mkalimani: nyamaza.

Kidege alikuwa kitandani, ananing'iniza miguu, mkono wa kulia umelazwa juu ya kitambaa cha kijani. Jina hilo alipewa na bibi yake huyo huyo alipoanza kusema, kwa kuwa hakujua kunyamaza. Leo alikuwa kimya. Kidole chake cha shahada kilivimba mfano wa bilinganya changa, rangi na yote, na kidonda kilichokaa penye kiungo hakikutaka kufunga. Kilianza kama chunusi. Wakapaka hiki, wakameza kile, kidonda kikawatazama tu. Sasa vinundu viwili vilikuwa vimepanda mkononi, kimoja nyuma ya kingine, kama wageni waliokwisha kuulizia njia.

Daktari wa upasuaji, pande la mtu lenye sauti ya upole, aliegemea dirisha. Ndiye aliyewaambia, "Mama, kisu changu kina subira, mfupa hauna. Haya yakiingia kwenye kiungo, tutakata kidole tuokoe mkono." Na tarehe alikwisha kuipanga: Jumatano ijayo.

Mwenzake wa ngozi alimwomba amwachie jaribio moja. Kila mdudu wa maradhi, awe bakteria au kuvu, ana vinasaba vyake, kama mtu na sura yake. Kipande cha nyama kikipelekwa kwenye maabara kubwa, mashine ingesoma vinasaba hivyo na kumtaja aliyejificha humo. Kipande cha kwanza kilikwisha kuharibika. Mkono wa muuguzi ulikitumbukiza kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama isioze, kama unavyotumbukiza vipande vyote vya hospitali ile, na fomalini ikavikatakata vinasaba hata visisomeke. Leo chupa zote za fomalini zilikuwa kabatini, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa muuguzi mwenyewe.

"Nimejifungia," alisema. "Mkono wangu siuamini tena."

Kwa wazazi agizo lilikuwa moja tu: kidole kisiguswe na dawa mpaka kipande cha pili kitoke.

Lakini aliyetoa agizo hakulala chumba kimoja na Kidege. Bibi alikuja na mrija wa dawa ya nguvu kutoka duka la dawa, mama akaukataa, akaukataa tena. Jana, mtoto alipoanza kujipigiza kichwa ukutani kwa maumivu, mama aliuminya. Kidogo tu, alijiambia. Kidogo tu ya mama nani asiyeijua?

Sasa swali lilikuwa hewani. Akisema, huenda wakaona muda umekwisha, kisu kije. Akinyamaza, na dawa ikawa imefagia wadudu, jibu litarudi tupu, na kisu kitakuja vilevile, kwa uongo wake. Alikitazama kile kidole.

"Nimepaka," alisema. "Jana."

Muuguzi aliweka koleo chini. Daktari wa upasuaji akashusha pumzi ndefu. "Mama Kidege, jamani!"

"Dawa nilileta mimi," bibi alidakia, akasimama kabisa. "Kama ni kukata, anzeni na ulimi wangu."

"Huo, bibi, sina kisu cha kuutosha."

Hakuna aliyecheka sana. Daktari wa ngozi aliuchukua mrija, akausoma, akaurudisha mezani.

"Umefanya vizuri kusema. Kumwotesha mdudu kwenye sahani ya maabara, hapo huenda tumekosa. Aliyekufa haoti. Lakini mashine haingoji aote, inasoma hata masalia yake. Ila itabidi nichimbe chini zaidi, dawa isikofika. Na nitachukua vipande viwili."

Chini zaidi. Mama alipanda kitandani, akamkumbatia Kidege kutoka nyuma, akaubana ule mkono kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, ulisema hawanichomi tena!"

"Nilisema, mwanangu. Nilikosea. Nipigie kelele mimi."

Akampigia. Ganzi haikufika kote kule chini, na kelele zile zilimtoka mtoto, zikamwingia mama mifupani. Hakumwachia mpaka vipande vyote viwili vilipoingia kwenye vichupa vikavu, muuguzi akavifunga na kumwonyesha: tazama, hakuna fomalini.

Siku zilizofuata zilikwenda kwa magoti. Nyumbani, mama na mkwewe walipishana jikoni bila kusemezana, kila mmoja akiosha chombo ambacho mwenzake alikwisha kukiosha. Kinundu cha tatu kilitokeza karibu na kiwiko. Jumanne ilifika kabla ya jibu, na Kidege akalazwa tayari kwa kesho yake.

Alasiri hiyo hiyo madaktari waliingia wodini pamoja. Mama alisimama.

"Mashine imetaja wadudu wengi," daktari wa ngozi alianza. "Karibu wote ni wa kawaida, hata mimi ninao ngozini. Mmoja hakupaswa kuwepo. Yumo kwenye vipande vyote viwili, na kwenye kichupa kitupu tulichokipima sambamba hayumo, kwa hiyo hakutoka maabara. Ni wa jamaa moja na kifua kikuu, lakini huyu hukaa majini, na hupenda samaki. Sasa, mama: mtoto huyu huogelea wapi? Mtoni? Baharini?"

"Kuogelea? Huyu? Hata kuoga namkimbiza!"

Daktari wa upasuaji alikuna kidevu. "Jina peke yake halinitoshi. Aliingiaje? Nisipoujua mlango, siwezi kuiahirisha kesho."

Mama alitafuta. Bomba. Pipa. Beseni. Hakuona kitu.

"Samaki wa mjomba wananibusu," Kidege alisema kutoka kitandani.

"Wapi, mwanangu?"

"Kwenye sanduku la kioo. Naweka kidole, wanakuja, wananibusu hapa." Akakiinua kile kidole kikubwa. "Mjomba alisema nisimwambie mama kwamba niliangusha jiwe humo, nikajikata."

Bibi alijishika kichwa. "Kaka yako!" alimwambia mama, neno la kwanza baada ya siku nyingi. "Nilisema mimi, yule na mapambo yake!"

Daktari wa upasuaji alimtazama mwenzake, akaichukua kalamu mfukoni na kuufuta mstari wa Jumatano kwenye faili la Kidege.

"Haya. Kisu kirudi alani. Dawa mbili, miezi mingi, bila kuruka. Lakini kiungo kikizidi kuharibika, mama, nitarudi."

Hakurudi na kisu. Vinundu vilianza kunywea polepole, cha kiwiko kwanza, kwa kinyume cha vilivyokuja. Siku ya kliniki, daktari huyo wa upasuaji aliinama mbele ya Kidege na kumpa kidole chake mwenyewe, kinene kama hindi.

"Kishike. Kwa kile kidole kilichonitia mashaka."

Kidege alikunja uso kabla ya kidole. Bibi aliushika mkono wa mama. Kidole kilitetemeka, kikainama kidogo, kikagota.

"Hakijafika," mtoto alisema, machozi yakimlenga.

"Lakini kimeondoka," mama alisema. "Kijaribu tena, Kidege."