Ruhusa ya Kugonga

Dereva wa lori la mchanga alikuwa na Jumamosi na sehemu ya Jumapili kupanua mlango wa chumba. Mama mkwe wake alikuwa anatoka hospitali akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na kiti chenyewe kilikuwa kipana kuliko mlango. Shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, alishasema kwenye simu bila kuzunguka: "Jumapili jioni namleta mama. Kiti kisipopita, nageuza naye."

Kugeuza naye maana yake kumpeleka kwa ndugu ambao hata chai wangempa kwa masimango. Na dereva alimwahidi mkewe, siku zake za mwisho, kwamba mama hatatangatanga.

Nyumba za pale zilishikana, ukuta mmoja watu wawili; ukipiga chafya huku, kule wanakuambia pole. Kwa hiyo kamati ya wakazi ilikuwa na sheria: anayejenga awaarifu majirani kila mara kabla ya kupiga kelele. Aliyeitunga ni mwenyekiti, mtu ambaye, kwa maoni ya dereva, hakuwahi kushika nyundo maishani, labda ile ya kugonga meza kikaoni. Ni yeye huyo aliyefunga geti la mtaa kwa kufuli na kutoweka na ufunguo, siku gari la wagonjwa lilipokuja kumchukua mke wa dereva. Tangu msiba ule dereva hakumsalimia. Lakini sheria aliishika barabara, asije akampa nafasi ya kumnyooshea kidole.

Asubuhi akatoka na tindo mkononi, mlango kwa mlango. "Hodi! Samahani jirani, nataka kugonga." Akarudi, akang'oa matofali mawili matatu, akanywa maji. Alipotaka kuendelea akakumbuka: kila mara kabla. Akatoka tena. "Hodi! Samahani, nagonga tena."

"Baba, si ugonge tu!" akacheka fundi cherehani wa upande wa kulia. "Umekuja kugonga au kuposa?"

Kabla jua halijawa kali, walishampachika jina: Bwana Hodi.

Upande wa kushoto aliishi nesi wa zamu ya usiku. Yeye hakucheka. Kila mara alifungua akiwa na jicho moja, akasema "sawa," akafunga. Dereva akaona binti ana adabu.

Mchana mwenyekiti akaingia bila kukaribishwa. Ukuta ulikuwa umeliwa nusu, fremu imelazwa chini, juu kumeegemezwa mbao ili matofali yasianguke.

"Simamisha kazi. Nesi amelalamikia kelele. Mpaka kamati ikae, katikati ya wiki."

"Nimemwarifu! Uliza mtaa mzima!"

"Sheria ni sheria, mzee," akasema, akaondoka akikwepa vumbi lisiguse viatu vyake.

Dereva akakaa juu ya ndoo aliyoipindua. Maneno aliyomwekea mwenyekiti tangu msiba yalimfika kooni. Akayameza. Katikati ya wiki mama mkwe angekuwa ameshafika mbali. Akajikung'uta, akaenda kwa nesi.

"Ho..."

Mlango ukafunguka hajamaliza.

"Hiyo!" nesi akafoka. "Hiyo ndiyo niliyolalamikia!"

"Ipi, mwanangu?"

"Hodi! Nyundo yako sina habari nayo, mimi nimekulia ubavuni mwa mashine ya kusaga. Lakini hodi lazima niamke, nitafute nguo, nifungue, uniambie samahani. Usingizi ukinichukua kidogo tu, hodi! Baba, umeniomba samahani mpaka kichwa kinapasuka!"

Dereva akashusha mikono. "Lakini mwenyekiti alisema kelele."

"Nilimwambia huyu baba haniachi nilale. Hakuuliza kitu. Alidakia, akatoka mbio."

"Ndio zake," akasema dereva, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akajisikia vizuri.

"Kwani unabomoa nini hasa?"

Akamweleza: kiti, mama mkwe, shemeji. Nesi akachukua simu.

"Mwenyekiti, malalamiko nimeyaondoa. Ndiyo. Nimeshaarifiwa, mpaka kesho usiku." Akasikiliza maneno marefu. "Basi njoo umsaidie kubeba kifusi." Akakata. "Baba, nenda kagonge. Na ole wako ubishe hodi tena."

Dereva akagonga mpaka giza, na kesho yake akaendelea. Fundi cherehani alipoona kimya cha hodi kimezidi, alichungulia kuuliza kama anaumwa.

Jumapili jioni shemeji akasukuma kiti ndani. Lipu ilikuwa mbichi. Gurudumu moja likachora mfereji ukutani, kiti kikapita. Shemeji akakagua kingo, juu na chini.

"Hii haijakauka."

"Itakauka."

"Na ubao wa mlango?"

"Wa zamani hautoshi tena. Nitatengenezesha mwingine."

Shemeji akageuka kumuuliza mama yake anaonaje. Bibi alikuwa ameshajisogeza mpaka dirishani na kuvuta breki ya kiti, anatazama nje.

Shemeji akarudi kwenye gari kuleta mabegi.